Mabaka ya jani yaandikwe pamoja na chanzo chake

Muhogo wenye majani ya kijani yaliyochanganyika na njano unaweza kuwa wa namna mbili zisizokaribiana. Upo muhogo wa mapambo, ule unaopandwa mbele ya hoteli na nyuani kwa watu kwa sababu kila kidole cha jani lake kina njano katikati na ukingo wa kijani. Upo pia muhogo ulioshikwa na batobato, ugonjwa ambao Mjerumani Otto Warburg aliuandika mwaka 1894 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, na ambao zaidi ya karne moja baadaye bado unakunja majani na kudumaza mizizi. Pingili ya muhogo wa kwanza ukimpa jirani umempa pambo. Pingili ya wa pili ukimpa jirani umempelekea ugonjwa shambani. Sasa fikiria kanzidata ya mimea yenye kisanduku kimoja kinachouliza kama jani lina mabaka au halina. Mihogo yote miwili itawekewa alama ileile, itaingia orodha ileile, na mtu atakayeitafuta miaka kumi baadaye ataikuta imelala pamoja, bila neno lolote la kumwambia upi upandwe na upi ung'olewe.

Hili lingekuwa jambo la wataalamu wachache kama orodha za mimea zingebaki makabatini. Hazikubaki. Bustani ya Kew, London, ilifungua orodha yake ya mimea ya dunia kwenye intaneti mwaka 2017. Mtandao wa GBIF, wenye makao Copenhagen, unapokea kumbukumbu za mimea kutoka makumbusho na pia kutoka kwa raia wa kawaida waliopiga picha njiani. Wenye vitalu wana orodha zao za mauzo kwenye simu. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State kwa ushirikiano na taasisi ya kilimo ya IITA, inamwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa kama lina dalili za batobato. Nyuma ya kila zana ya namna hii yupo mtu aliyekaa mapema akaamua picha hii iende fungu hili na ile iende fungu lile. Akikosea yeye, kosa lake linanakiliwa kila mahali kwa kasi ambayo karatasi za zamani hazikuwa nayo.

Hoja yangu ni kwamba mmea usipewe kiti chake peke yake katika mpangilio wa majina kwa sababu tu una mabaka. Jina lifuate spishi ya mmea na namna watu wanavyoudumisha. Mwonekano wa mabaka uandikwe kama sifa. Na chanzo cha mabaka kipewe safu yake, iliyotenganishwa kabisa na mwonekano, pamoja na maelezo ya jinsi chanzo hicho kilivyojulikana. Kanzidata nyingi za bustani hufanya kinyume: zinaweka fungu moja la "mimea ya rangi mchanganyiko" na kutupia humo kila chenye doa.

Fungu hilo halishikiki, na mimea yenyewe ndiyo inayolivunja. Mabaka yanayowapa wenye vitalu fedha nyingi huanzia kwenye ncha ya chipukizi, pale chembe moja inapobadilika na kupoteza uwezo wa kutengeneza umbijani. Ncha hiyo ina matabaka ya chembe yaliyolaliana, na kila tabaka huzaa sehemu yake ya jani. Tabaka moja likiwa jeupe na mengine ya kijani, jani linatoka na ukingo mweupe au katikati peupe. Erwin Baur alilionyesha jambo hili mwaka 1909 kwa kuchunguza pelagonia zenye ukingo mweupe: mmea ni mmoja, lakini umebeba chembe za asili mbili zinazoishi bega kwa bega. Kaladi na koleusi ni habari nyingine. Kwao mchoro umo kwenye jeni za mmea mzima, na kila chembe hupata rangi kulingana na mahali ilipo. Ukichukua pilea yenye mabaka ya fedha, au baadhi ya begonia, hutakuta hata rangi ya kuzungumzia. Kuna nafasi za hewa chini ya ngozi ya jani zinazorudisha mwanga, na kwa pilea hiyo mabaka ni sehemu ya kawaida ya spishi kama yalivyo maua yake. Halafu kuna virusi, kuna udongo uliopungukiwa na madini, kuna dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo kutoka shamba la pili. Yote haya huishia kwenye neno lilelile la mabaka.

Shamba la mahindi linatosha kuwa shahidi. Mhindi wenye mistari ya njano au nyeupe unaweza kuwa na ugonjwa wa milia, unaoletwa na kirusi kinachobebwa na wadudu wadogo warukao wanaofyonza utomvu, ugonjwa ambao H. H. Storey aliuchunguza tangu miaka ya 1920 na kuendelea nao katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Mistari inayofanana nayo kwa jicho la haraka hutokea mhindi ukikosa zinki, au ukikosa magnesiamu. Na ipo mihindi ya mapambo ambayo mistari yake ni ya kurithi, inapandwa kwa ajili hiyo na haina shida yoyote. Bwana shamba anayemwambia mkulima aongeze mbolea wakati tatizo ni kirusi amemtia hasara mara mbili, kwa mbolea na kwa mavuno. Hatuwezi kumlaumu sana ikiwa kitabu anachokitumia, au programu aliyopewa, inatambua neno moja tu la mistari.

Historia ya majina ya mimea yenyewe inafundisha zaidi. Mwaka 1904 mtaalamu wa Ubelgiji, Émile De Wildeman, aliutangaza mmea wa kutoka Kongo kuwa spishi mpya, akauita Sansevieria laurentii kwa heshima ya Émile Laurent aliyekusanya mimea huko. Ni mmea ambao wasomaji wengi wanao barazani: majani marefu, magumu, yaliyosimama wima, na ukingo wa njano kila upande. Mwaka 1915 N. E. Brown wa Kew aliushusha cheo, ukawa tawi tu la Sansevieria trifasciata, ambayo haina ukingo huo. Leo ni kaltiva, yaani aina iliyochaguliwa na watu na kudumishwa nao, inayoitwa 'Laurentii'. Na spishi yake imehamishiwa jenasi ya Dracaena kutokana na ushahidi wa vinasaba. Mmea umepita ngazi tatu za cheo bila wenyewe kubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ufahamu wetu wa ukingo ule wa njano. Kata jani lake vipande, vichomeke kwenye mchanga, subiri vichipue: miche itatoka ya kijani, haina njano, kwa sababu inachipuka kutoka tabaka la ndani. Gawanya shina lake la chini ya ardhi badala yake, na ukingo unabaki. Spishi inayoweza kufutwa kwa kisu cha jikoni haikuwa spishi. Lakini mtu anayegawanya mashina kila mwaka na kuuza miche yenye ukingo wa njano ana kitu halisi mkononi, kinachostahili jina lake. Jina hilo likae ngazi ya kaltiva, na pembeni yake paandikwe kwamba hudumu kwa kugawanya shina na hupotea kwa vipande vya majani. Hapo muuzaji, mnunuzi na mtafiti wote wamehudumiwa.

Kosa la De Wildeman lilirekebishwa. Yapo ambayo hayawezi kurekebishwa, na inafaa kuyaona ili tusiyaongeze. Ule mmea unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya dhahabu, ambao umejaa kwenye vyungu vya ofisi kutoka Mombasa hadi Bujumbura, ulitangazwa mwaka 1880 na Linden na André kwa jina la Pothos aureus. Asili yake ni visiwa vya Society katika Pasifiki. Waliouandika walikuwa na mmea wenye mabaka mbele yao, wakaupa jina la dhahabu, na tangu hapo spishi nzima inaitwa hivyo, hata ile yenye majani ya kijani tupu, pamoja na kuhamishwa jenasi zaidi ya mara moja mpaka ikafika Epipremnum. Linnaeus alifanya vivyo hivyo mwaka 1753 kwa krotoni ya ua, akaweka rangi mchanganyiko ndani ya jina la spishi. Kanuni za majina ya mimea zinaheshimu jina lililotangulia, kwa hiyo majina hayo yatakaa, na sioni haja ya kuyapigania. Ila yanaonyesha kinachotokea mtu anapochukua rangi aliyoiona kwenye mmea mmoja wa bustani na kuifanya kitambulisho cha ukoo mzima.

Mfano mwema wa kufuata umeanzia kwetu, ingawa umekomaa ugenini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alikusanya ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara na kulipeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Tangu mwaka 2015 wataalamu wanaliweka katika jenasi ya Streptocarpus. Kutokana na ua hilo watu wamezalisha maelfu ya kaltiva, na miongoni mwake zipo zenye majani ya mabaka. Wapenzi wa ua hili nchini Marekani, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1946, hawakuzifanya kuwa spishi wala hawakuzitupia fungu moja. Kila kaltiva ina jina lake, na katika maelezo yake husemwa mabaka ni ya namna gani: yanayokaa ukingoni, ambayo huitwa kwa jina la kaltiva ya kwanza iliyovuma nayo, 'Tommie Lou', yaliyotawanyika jani zima, au yale yanayotokea kwenye majani machanga ya katikati na kufifia yanapokomaa. Wanajua pia kwamba mabaka ya 'Tommie Lou' hupitia kwa mama, kwa hiyo anayetaka kuzalisha miche ya mabaka ni lazima mbegu azitoe kwenye mmea wa mabaka, chavua itoke popote. Wanajua kwamba joto kali na mbolea yenye naitrojeni nyingi hurudisha kijani. Hawa si maprofesa. Ni watu wa kawaida, wengi wao wastaafu wenye rafu za vyungu dirishani, na mpangilio wao umewashinda wataalamu wengi kwa sababu ulitokana na kuzalisha mimea yenyewe, kizazi baada ya kizazi, na kuangalia nini kinabaki na nini kinapotea.

Inafaa kusema hapa kwamba maua ya Usambara ya porini yako hatarini, kwa kuwa misitu yake imepungua sana. Mtu anayehesabu mimea iliyobaki msituni hana muda wa kuchambua kumbukumbu za vyungu vya dirishani. Safu inayosema kama mmea ni wa mwitu au wa bustani ni sehemu ya suala hilihili, maana mabaka mara nyingi ni ishara ya kwanza kwamba mmea umepita mikononi mwa watu.

Virusi ndivyo vinavyoleta ugumu wa kweli, na hapa ndipo wanaopenda mpangilio mwepesi hukwama. Mwaka 1868 kitalu cha Veitch nchini Uingereza kilipokea abutiloni yenye mabaka ya njano kutoka visiwa vya Karibi, ikapendwa, ikasambazwa kwa vipandikizi kote Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Baur aliibebesha kwenye abutiloni za kijani, nazo zikapata mabaka. Ilikuwa ugonjwa. Leo tunajua kirusi chake ni cha jenasi ileile ya virusi vya batobato ya muhogo, ambavyo husambazwa na inzi weupe; lakini kirusi cha abutiloni ya bustani, baada ya kuzalishwa kwa vipandikizi miaka mingi, kimepoteza uwezo wa kubebwa na inzi hao. Kwa hiyo mmea ni mgonjwa, unauzwa kihalali, una jina la kaltiva, na hauambukizi jirani kwa njia ya kawaida. Tulipu zenye michirizi zilizowatia wazimu wafanyabiashara wa Uholanzi mpaka bei zikaporomoka mwaka 1637 zilikuwa na habari kama hiyo. Dorothy Cayley alithibitisha mwaka 1928 kwamba michirizi yao huambukizwa. Kanzidata yenye fungu la "mapambo" na fungu la "ugonjwa" inakosa pa kuiweka abutiloni. Kanzidata yenye safu ya jina na safu ya chanzo haipati shida: jina ni kaltiva, chanzo ni kirusi, na maelezo yanaeleza kinavyosambaa au kisivyosambaa. Zaidi ya hapo, safu ya chanzo lazima iruhusu jibu zaidi ya moja. Muhogo wa mapambo una njano yake ya kurithi, na bado inzi weupe wanaweza kuuletea batobato siku yoyote. Mmea huo mmoja una mabaka ya vyanzo viwili kwenye jani moja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya wasomi, na kwamba mtu wa kawaida anatafuta kwa macho. Mteja anaingia kitaluni anataka "ya milia nyeupe", hataki kusikia matabaka ya chembe. Ni kweli, na hakuna anayemnyima. Safu ya mwonekano inampa anachotaka, tena vizuri zaidi, maana anaweza kuuliza ukingo mweupe, katikati ya njano, au madoa ya fedha, badala ya kupewa kila chenye rangi mbili. Kutafuta kwa mwonekano na kupanga kwa mwonekano ni mambo mawili. Soko la nguo linaweza kukuonyesha mashati yote mekundu bila kuyashona upya kuwa kabila la mashati mekundu. Na huyo mteja ndiye anayeumia zaidi chanzo kisipoandikwa. Mwaka 2021 mmea mmoja wa mabaka wenye majani machache, wa jamii ya monstera, uliuzwa kwa mnada nchini New Zealand kwa zaidi ya dola 27,000 za nchi hiyo. Bei za namna hiyo huvuta ujanja. Iliwahi kuvuma filodendroni iliyoitwa 'Pink Congo', majani yake ya waridi. Walioinunua waliona majani yaliyofuata yakitoka ya kijani, kwa sababu waridi ile ilikuwa ya kulazimishwa kwa kemikali. (Filodendroni ni mmea wa Amerika, Kongo haikuwa na habari.) Kwa upande mwingine, monstera ya 'Thai Constellation' ina mabaka yanayodumu mmea mzima na huzalishwa maabara kwa wingi, ilhali monstera yenye mabaka meupe ya tabaka moja inaweza kutoa tawi la kijani tupu, au tawi jeupe tupu lisiloweza kujilisha. Kwenye picha ya tangazo zote ni monstera za mabaka. Neno 'Variegata' kwenye kibandiko halimsaidii mnunuzi. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea ya kilimo, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953, zinakataza majina mapya ya kaltiva ya Kilatini tangu tarehe 1 Januari 1959, na hata hivyo wauzaji wanaendelea kulibandika kila panapotokea doa. Mabadiliko mawili tofauti ya spishi moja yanaishia na kibandiko kimoja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba chanzo mara nyingi hakijulikani bila maabara, na safu isiyojazika ni mzigo. Nakubali kwamba mtu aliyepiga picha ya ua la barabarani hawezi kujua. Basi aandike kwamba hajui. Safu tupu iliyo wazi inamwambia msomaji ukweli. Fungu lililojazwa kwa kubahatisha linamdanganya, na uongo huo hauonekani tena ukishaingia kwenye hesabu. Zaidi ya hapo, mengi yanajulikana bila mashine. Kuchomeka vipande vya jani la sansevieria ni jaribio. Kuotesha mbegu ni jaribio: Carl Correns alionyesha mwaka 1909, kwa ua linalofunguka jioni liitwalo Mirabilis jalapa, kwamba mbegu za tawi jeupe huzaa miche myeupe inayokufa, za tawi la kijani huzaa ya kijani, na za tawi la mabaka huzaa mchanganyiko, na chavua haina kauli. Kubebesha, kazi ambayo wakulima wa maembe na machungwa wanaifanya kila msimu, ni jaribio kubwa kuliko yote kwa suala la virusi: kirusi kinavuka kutoka kipandikizi kwenda shina, na mabaka ya tabaka la chembe hayavuki. Hata jicho lina neno lake. Mabaka ya muhogo wa mapambo yanafuata mpangilio, pande mbili za jani zinaelekeana, na jani halikunjamani. Batobato hupinda jani, hulifanya dogo upande mmoja, na jani la juu halifanani na la chini yake. Kwa hiyo pembeni ya chanzo paandikwe ushahidi: kwa macho, kwa kuzalisha, kwa kubebesha, au kwa maabara. Anayesoma atapima mwenyewe.

Kwa upande wa pili kabisa wapo wataalamu wanaosema tusihangaike: orodha ya mimea ni ya mimea ya asili, na vyungu vya bustani haviwahusu. Msimamo huo una heshima yake. Kitabu kikuu cha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, kilichochukua miaka 60 kuanzia 1952 hadi 2012 na kueleza zaidi ya spishi 12,000, kisingekamilika kama waandishi wake wangefuatilia kila krotoni ya uani. Lakini kanzidata za leo hazina mlango wa aina hiyo. Raia anapiga picha ya anachokiona, na anachokiona mjini ni krotoni, sansevieria na ule mmea wa dhahabu. Ukikataa kumpa mahali pa kuandika kaltiva na mabaka, ataandika palipo wazi, na palipo wazi ni jina la spishi. Tena chombo cha kuepuka hilo kipo. Kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za viumbe, Darwin Core, kilichoidhinishwa mwaka 2009, kinatenga jina la kisayansi na vipimo au sifa za kiumbe. Kinachohitajika ni uamuzi wa kuitumia nafasi hiyo.

Uamuzi huo una gharama, na wanaojaza kumbukumbu kwa kujitolea watanung'unika. Mimi ningewaomba wapime gharama ya upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza kuteketeza mihogo nchini Uganda, ikazunguka ziwa Viktoria, ikafika magharibi ya Kenya na mkoa wa Kagera katika muongo uliofuata. Mtu anayetaka kufuatilia njia ya ugonjwa kama huo kwa kumbukumbu na picha za zamani anahitaji kujua ni mihogo ipi iliyokuwa na mabaka ya ugonjwa, ilionekana wapi na lini. Kumbukumbu inayosema "mabaka: ndiyo" haimfai. Na mashine zinazofundishwa kwa picha ni vivyo hivyo: zinajifunza tofauti zile tu ambazo mwenye kuweka alama alizitenga. Programu iliyolishwa mihogo ya mapambo ndani ya fungu la wagonjwa inaweza kumwambia mwenye hoteli ang'oe ua lake, na hiyo ni hasara ndogo. Iliyolishwa wagonjwa ndani ya fungu la mapambo inaweza kumnyamazia mkulima.

Kazi inaweza kuanza na mimea michache: muhogo, mahindi, migomba, sansevieria na krotoni, kwa sababu ndiyo inayojaza picha zetu na ndiyo ambayo makosa yake yanaonekana haraka. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950, ina sampuli na wataalamu. Mamlaka za afya ya mimea za Kenya na Tanzania zina maabara za kupima virusi. Nchi zote mbili ni wanachama wa UPOV, muungano wa kulinda aina mpya za mimea, Kenya tangu 1999 na Tanzania tangu 2015, na miongozo ya upimaji ya muungano huo kwa mimea kadhaa huorodhesha mabaka ya jani kama sifa ya kukaguliwa, kando ya jina. Majina ya zamani yasifutwe. Sansevieria laurentii ibaki kwenye kanzidata kama jina lililowahi kutumika, lielekeze kwenye 'Laurentii', maana lebo zake bado zimeshonwa kwenye sampuli za karne iliyopita na mtu atakuja kuzitafuta kwa jina hilo.